Mwamba, tumbawe na kuchoronga: maneno ya utafutaji wa mafuta chini ya bahari

Mwanzoni mwa mwaka 2014 meli ya kuchoronga iitwayo Deepsea Metro I ilisimama katika kitalu L10A, mbele ya pwani ya Kenya, juu ya maji yenye kina cha mita 723. Kazi yake ilikuwa kuufikia mwamba wa matumbawe uliojengeka baharini katika enzi ya Miosini, yaani kati ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita, kisha ukazama na kufukiwa na tope. Kisima kilipewa jina la Sunbird-1. Katikati ya mwaka huo ilitangazwa kwamba kimekuta gesi, na chini ya gesi hiyo mafuta. Ikawa mara ya kwanza kwa mafuta ghafi kukutwa katika kisima cha baharini mbele ya pwani hiyo.

Habari kama hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili cha haraka, huwa sentensi moja fupi: "Mafuta yamechimbwa kwenye mwamba wa baharini." Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, karibu kila neno lililomo lina maana zaidi ya moja, na msomaji wa Msambweni au Lamu anaweza kuielewa kwa namna tatu: kwamba mafuta yameanza kutolewa na kuuzwa, kwamba kilichopatikana ni kingi, na kwamba mwamba unaochimbwa ndio ule anaoutegea madema yake. Katika habari ya Sunbird-1 yote matatu si kweli. Msomaji huyo huyo ndiye atakayeitwa mkutanoni, kwa mujibu wa taratibu za tathmini ya athari kwa mazingira, aseme kama anaukubali mradi au anaupinga. Akipewa maneno yenye ukungu, kukubali kwake na kupinga kwake vyote vitakuwa na ukungu.

Neno "mwamba"

Neno hili limebebeshwa mzigo mkubwa. Maana yake ya kwanza ni jiwe kubwa lililoshikamana na ardhi. Maana ya pili, ambayo wakazi wa pwani huifikiria kabla ya ile ya kwanza, ni ule ukingo wa mawe na matumbawe unaovunja mawimbi mbali kidogo na ufuo. Mafundi wa nyumba za kienyeji huita mwamba ule mti unaolazwa kwenye paa. Vijana nao wamelifanya kuwa sifa ya mtu shupavu. (Mwamba wa methali "mwamba ngoma ngozi huivutia kwake" si wa ukoo huu hata kidogo, huyo ni mtendaji wa kitenzi "wamba", na wingi wake ni "wawamba", si "miamba".)

Wanajiolojia waliichukua maana ya kwanza na kuipanua. Kwao mwamba ni tabaka lolote la asili lililojenga gamba la dunia, liwe gumu kama matale au laini kama tope lililogandamana. Hapo ndipo mgongano unapoanza. Mtaalamu anaposema "tunachoronga mwamba" anamaanisha tabaka la ardhi lililo mamia au maelfu ya mita chini. Mvuvi anayemsikiliza anaona kichwani mwake fungu analolijua kwa jina, lenye changu na kamba. Mgongano unazidi pale ambapo tabaka linalotafutwa lilikuwa kweli, hapo zamani, mwamba kwa maana ya mvuvi.

Lugha ina vifaa vya kuutatua utata huu bila kuunda neno jipya. Kiumbe na mifupa yake ni "tumbawe", wingi "matumbawe", katika ngeli ya LI-YA. Umbo linalojengwa na viumbe hao baharini liitwe "mwamba wa matumbawe", na ukiwa bado unakua, "mwamba hai". Umbo hilo hilo likishakufa na kufunikwa liitwe "mwamba wa kale wa matumbawe" au, ikihitajika kusisitiza mahali lilipo, "mwamba uliofukiwa". Mada yenyewe, yaani lile jiwe, ni "jiwe la chokaa". "Kaboneti" ni jina la kikemia la kundi zima, na linafaa katika maandishi ya kitaalamu, kwa sababu si kila kaboneti imetokana na matumbawe: mengi ni makombe, mwani wenye chokaa, na tope jeupe la viumbe wasioonekana kwa macho.

"Jiwe la chokaa" ni jina linalostahili kutazamwa kidogo. Chokaa kwa asili ni kile kinachopatikana baada ya kuchoma: watu wa pwani walipanga matumbawe juu ya kuni, wakayachoma, wakapata unga wa kujengea na kupakia kuta. Jiwe limeitwa kwa kazi yake, si kwa asili yake. Kuta za Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja na Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa ujuzi huo, na wajenzi walitofautisha mawe mawili: tumbawe lililokatwa likiwa bichi kutoka baharini, ambalo huchongeka kwa urahisi kabla halijakauka na hivyo likatumiwa kwa mihrabu na miimo ya milango, na jiwe gumu la nchi kavu lililotumiwa kwa kuta. Jiwe hilo la pili ni mwamba wa matumbawe wa zamani. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa namna hiyo, uliokuwa hai baharini miaka ipatayo 125,000 iliyopita. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu yake. Kwa hiyo wazo la mwamba wa kale wa matumbawe si geni pwani. Watu wanalala juu yake.

Mawe yenye matundu

Anayetaka kuelewa kwa nini makampuni ya mafuta huutafuta mwamba uliokufa zamani, na amwage ndoo ya maji juu ya jiwe la matumbawe huko Mombasa au Jambiani. Maji hayakai, yananyonywa. Jiwe hilo limejaa nafasi: vyumba vidogo ambamo viumbe waliishi, mianya kati ya matawi yaliyovunjika, na mashimo yaliyoyeyushwa na maji ya mvua. Mashimo hayo yakikua huwa mapango. Mji wa Shimoni umepata jina lake kwa pango la namna hiyo, na mapango ya Amboni karibu na Tanga yako katika jiwe la chokaa la kale zaidi, la enzi ya Jurasiki.

Nafasi hizo zina majina mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Wingi wa nafasi ndani ya jiwe ni "uvinyweleo", kutokana na vinyweleo vya ngozi. Uwezo wa jiwe kuruhusu kitu kipite kutoka nafasi moja hadi nyingine ni "upenyekaji". Jiwe linaweza kuwa na vinyweleo vingi visivyounganika, nalo halifai kitu: mafuta yamo, lakini hayatoki.

Hapa yafaa kuiondoa picha moja iliyozoeleka. Chini ya ardhi hakuna ziwa la mafuta. Mafuta na gesi hukaa ndani ya jiwe kama chai inavyokaa ndani ya mkate uliochovywa. Neno "hifadhi" katika "mwamba hifadhi" lieleweke hivyo: si tangi, ni jiwe lililolowa. Tungo "bwawa la mafuta", ambayo hutokea magazetini, ni vizuri iachwe.

Mwamba hifadhi peke yake hautoshi. Lazima kuwe na "mwamba chanzo", yaani tabaka la tope lililojaa mabaki ya viumbe ambayo, kwa kufukiwa na kupata joto kwa mamilioni ya miaka, yaligeuka kuwa mafuta na gesi. Lazima pia kuwe na "mwamba kifuniko", tabaka lisilopenyeka linalozuia kilichomo kisipande hadi baharini na kupotea. Mafuta ni mepesi kuliko maji ya chumvi yaliyojaa matabakani, hivyo hupanda, kama yanavyopanda juu ya mchuzi, hadi yanapokutana na kizuizi. Kitendo hicho huitwa "kuhama" kwa mafuta. Baadhi ya waandishi husema "kutiririka", neno linaloleta picha ya mto, ilhali mwendo wenyewe ni wa kupenya tundu hadi tundu.

Mwamba wa matumbawe una fadhila ya pekee katika mpango huu: umbo lake tayari ni la kilima. Matabaka ya mchanga hulala kama mikeka na huhitaji kukunjwa au kukatika ili yaweze kunasa mafuta. Mwamba wa matumbawe hujijenga ukielekea juu. Matumbawe yanayojenga miamba hutegemea vijimea vinavyoishi ndani yake, navyo vinahitaji mwanga, kwa hiyo hustawi karibu na uso wa bahari. Sakafu ya bahari ikididimia polepole, matumbawe huongeza ghorofa juu ya ghorofa ili yabaki kwenye mwanga. Ikididimia kwa kasi kuliko yanavyoweza kujenga, au maji yakichafuka kwa tope la mito, mwamba huzama na kufa. Tope laini linaloshuka baadaye huufunika wote, na likigandamana huwa kifuniko.

Charles Darwin alieleza sehemu ya kwanza ya hadithi hii katika kitabu chake cha mwaka 1842 kuhusu miamba ya matumbawe, bila kuwa na njia ya kuithibitisha. Uthibitisho ulikuja mwaka 1952 katika kisiwa cha Enewetak, Visiwa vya Marshall, mashine ilipochoronga zaidi ya mita 1,200 za mawe ya matumbawe kabla ya kugonga mwamba wa volkano. Matumbawe ya maji ya juu yalikutwa kwenye kina ambacho hakuna tumbawe la aina hiyo linaloweza kuishi. Ardhi ilikuwa imeshuka, nayo yakapanda.

Wachorongaji wa mafuta hawakungoja mjadala huo uishe. Ugunduzi wa Leduc, Alberta, nchini Kanada mwaka 1947 uliwafungulia njia ya miamba ya matumbawe ya enzi ya Devoni, iliyo mbali na bahari yoyote ya leo. Na mwaka 2015 kampuni ya Eni ilitangaza kuukuta mwamba wa kaboneti wenye gesi nyingi mno mbele ya pwani ya Misri, mahali palipoitwa Zohr, chini ya maji yenye kina cha mita 1,450. Safu ya gesi iliyopitiwa na kisima hicho ilikuwa na urefu upatao mita 630.

Kuchimba si kazi moja

Kitenzi "chimba" kimeshika nafasi zote. Huchimbwa kaburi, choo, handaki, muhogo, dhahabu, na sasa mafuta. Tanzania abiria wa basi hushuka "kuchimba dawa", na hakuna dawa wala jembe. Upana huu ni utajiri katika mazungumzo, lakini katika habari za petroli unaficha hatua nne zinazotenganishwa na miaka mingi na fedha nyingi.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kwa mitetemo. Meli huburuta vifaa vinavyopiga mshindo majini. Mawimbi yake hushuka, hugonga matabaka, hurudi, na muda wa kurudi kwake huchorwa kuwa picha. Kilima kilichofukiwa huonekana katika picha hiyo. Hakuna kilichotobolewa bado, na anayeandika kwamba "uchimbaji umeanza" wakati meli ya mitetemo inapita amewatangulia wataalamu kwa miaka.

Hatua ya pili ndiyo "kuchoronga". Neno hili limeshika vizuri katika sekta ya madini ya Tanzania, ambako "mtambo wa kuchoronga" na "uchorongaji" ni maneno ya kawaida ya kazini, na linastahili kuvuka mpaka kuingia katika magazeti ya Kenya, yanayoendelea na "kuchimba visima". Kuchoronga ni kutoboa tundu jembamba na refu kwa kifaa kinachozunguka. Lina jamaa wa zamani, "pekecha", linalotaja mzunguko wenyewe, kama wa kijiti cha kuwashia moto. Bahati mbaya pekecha limekwisha kushikwa na maana ya kuchochea fitina. Seremala ana "kekee", na hakuna njia fupi ya kumweleza mtu asiyewahi kuona mtambo wa mafuta kuliko kumwambia kwamba ni kekee yenye mpini wa kilomita kadhaa. Faida kubwa ya "choronga" ni kwamba halidai kuna kilichotolewa. Mtu akichimba dhahabu ameipata au anaifuata. Akichoronga ametoboa tu ili ajue.

Hatua ya tatu ni "uendelezaji", ambapo visima vya kudumu, mabomba na mitambo hujengwa. Ya nne ni "uzalishaji". Kwa hatua hizi za mwisho "kuchimba" halifai zaidi, maana mafuta hayafuatwi kwa jembe. Hupanda yenyewe kwa msukumo au huvutwa kwa pampu. "Kuzalisha" nalo lina walakini wake, kwa kuwa hakuna anayeyazalisha mafuta yaliyokwisha kuwapo, lakini limezoeleka katika sheria na sera, na mwandishi hatapotosha mtu kwa kulitumia.

Ubaharia wa kisima

Katika kina kirefu mtambo hauwezi kusimama kwa miguu. Meli ya kuchoronga hubaki mahali pamoja bila nanga, kwa rafadha zinazoongozwa na kompyuta na ishara za setilaiti, ikipigana na mkondo na upepo usiku na mchana. Kutoka melini hadi sakafuni huteremshwa bomba pana; ndani yake hupita mabomba ya kuchorongea, na ncha ya chini kabisa ina meno ya chuma kigumu. Tope maalumu husukumwa kupitia mabomba hayo, hutokea kwenye meno, na kurudi juu likibeba chembe za mawe. Tope hilo lina kazi nyingine iliyo muhimu zaidi: uzito wake huikandamiza gesi na mafuta yasipande kabla ya wakati.

Hapo ndipo mwamba wa matumbawe unapogeuka kuwa hatari. Matundu yale yale yanayoufanya kuwa hifadhi nzuri huweza kulimeza tope. Meno yakiingia ghafla katika ufa mpana au pango, tope hukimbilia humo, kimo chake ndani ya kisima hushuka, uzito hupungua, na kilichokandamizwa hupata nafasi ya kupanda. Wachorongaji hulitia tope vitu vya kuzibia, hupunguza mwendo, huteremsha bomba la chuma na kulishika kwa saruji. Juu ya sakafu ya bahari hukaa mkusanyiko wa vali kubwa zinazoweza kukifunga kisima kwa dharura.

Vali hizo zikishindwa, hutokea kile ambacho magazeti hukiita "mlipuko wa kisima". Neno sahihi zaidi ni "mfoko". Uji ukifoka jikoni haujalipuka. Umepanda kwa nguvu ukamwagika pasipo kuzuilika. Mlipuko unaweza kufuata gesi ikikutana na cheche, kama ilivyokuwa kwenye mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010, ambapo watu 11 walipoteza maisha. Kisima kile kilikuwa katika mchanga, si matumbawe, na moto ulizimika mtambo ulipozama baada ya siku mbili. Mfoko chini ya bahari uliendelea hadi Julai. Kwa mvuvi tofauti hiyo si ya kimsamiati tu. Mlipuko hudhuru waliomo mtamboni. Mfoko unaweza kufika ufuoni.

Kina kipi?

Takwimu za Sunbird-1 zinafaa kuwa zoezi. Maji: mita 723. Kilele cha mwamba wa matumbawe: mita 1,583.7. Mwandishi mmoja anaweza kuandika kwamba mwamba uko "mita 1,583.7 chini ya sakafu ya bahari", mwingine kwamba "bahari hapo ina kina cha mita 1,583.7". Wote wawili wamekosea. Kipimo kilichukuliwa kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo tabaka la tope lililo juu ya mwamba lina unene wa mita 860.7. Neno "kina" lisiachwe peke yake: ni kina cha maji, au kina chini ya usawa wa bahari, au kina chini ya sakafu. Nambari hii ya mwisho ndiyo inayomjibu mwenye madema. Kati ya mwamba uliochorongwa na sakafu ya bahari kulikuwa na karibu mita 861 za mashapo, na juu ya sakafu hiyo maji yenye giza ambamo hakuna mwamba hai wa kutegea dema. Jibu hilo halimalizi maswali yake kuhusu mfoko au kuhusu kelele za mitetemo, linamaliza moja.

Vivyo hivyo, "kina kirefu cha bahari" na "bahari kuu" si kitu kimoja. Kwa sheria ya kimataifa bahari kuu ni eneo lisilo la nchi yoyote. Tanzania ina Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo kazi yake inahusu pia ukanda wa kiuchumi wa nchi yenyewe, na matumizi hayo yamekwisha kuzoeleka katika uvuvi. Katika petroli ni salama zaidi kusema "kina kirefu cha bahari", maana hakuna serikali inayoweza kugawa vitalu mahali pasipo pake.

Kugundua nini, kiasi gani

Safu iliyokutwa na Sunbird-1 ilikuwa na urefu wa jumla wa mita 43.6: gesi mita 29.6, na chini yake mafuta mita 14. Neno "jumla" hapa lina uzito, kwa sababu linahesabu na sehemu za jiwe ambazo hazikushika kitu cha maana. Kuna wanaopendelea "ghafi", kama katika "uzito ghafi". Lakini "safu ghafi ya mafuta ghafi" ni tungo itakayomchosha msomaji bure.

Sasa linganisha: mita 43.6 na zile 630 za Zohr. Kote kuwili habari zilisema "mafuta yamegunduliwa" au "gesi imegunduliwa". Zohr ilianza kutoa gesi Desemba 2017, miaka miwili na miezi michache baada ya kutangazwa. Sunbird-1 hakikufuatwa na uzalishaji wowote. Kitenzi "gundua" ni kweli kwa vyote viwili na hakielezi kitu kuhusu ukubwa, na ndiyo sababu kisiachwe kisimame bila kijalizo: wamegundua dalili, wamegundua safu ya urefu fulani, wamegundua kiasi kinachokadiriwa kuweza kutolewa kwa faida. Makadirio hayo ya mwisho ndiyo yanayostahili jina la "akiba". Tanzania hutaja gesi asilia iliyogunduliwa kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, ambazo 47.13 ni za kina kirefu cha bahari na 10.41 za nchi kavu na maji ya karibu. Ni kiasi kilichomo ndani ya miamba. Si kiasi kinachoweza kutolewa, na zaidi ya miaka kumi baada ya visima vya kwanza vya kina kirefu, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ndiyo iliyokuwa ikiwasha mitambo, si ile ya kina kirefu.

Majina ya visima hivyo vya Tanzania yanaleta swali dogo la sarufi. Vya kwanza vilipewa majina ya viumbe vya bahari, Pweza, Chewa na Chaza; vingine vikapewa ya viungo, Zafarani, Tangawizi na Mdalasini. (Vyote viko katika mchanga uliogandamana, si katika matumbawe.) Upatanisho ufuate kisima, si mnyama: "Pweza-1 kilichorongwa mwaka 2010", wala si "alichorongwa". Sunbird-1 kilibaki na jina la Kiingereza. Ndege huyo kwa Kiswahili ni chozi, na yamkini ilikuwa heri kisima kisiitwe Chozi.

"Petroli" pia inahitaji tahadhari. Kwenye kituo cha mafuta ni kile kinachotiwa katika pikipiki. Katika Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 neno hilo linajumuisha mafuta ghafi na gesi asilia vilivyo bado ardhini. Mwananchi akiambiwa kwamba kitalu kimetolewa kwa ajili ya "utafutaji wa petroli" ana haki ya kuuliza ni ipi.

Kisima kisipokuta mafuta wala gesi, wataalamu husema ni "kikavu", tafsiri ya neno kwa neno iliyoingia bila kukaguliwa. Kisima hicho kwa kawaida kimejaa maji ya chumvi hadi juu. Kwa mtu wa Kwale au Mtwara, kisima kikavu ni kile ambacho ndoo inarudi tupu, na kinyume chake ni kisima chenye maji. Kumwambia kwamba kisima cha baharini ni kikavu ni kumletea kitendawili. "Kisima kitupu" kinasema kinachokusudiwa.

Na kisima kikimaliza kazi, kiwe kitupu au la, maandishi mengi husema "kimetelekezwa". Kitenzi hiki kwa Kiswahili hutumiwa kwa mume aliyeiacha familia bila matunzo, au gari lililoachwa kando ya barabara; kinabeba lawama. Utaratibu wenyewe ni mwingine: vizibo vya saruji huwekwa ndani ya kisima kwenye vina mbalimbali, hujaribiwa kama vinashika, na tundu hufungwa. "Kuzibwa na kufungwa kabisa" ndiyo tungo inayofaa, na ina faida ya kumwezesha msomaji kuuliza nani aliziba, kwa vizibo vingapi, na nani alikagua. Neno "telekeza" libaki kwa kisima ambacho hakikuzibwa.